Kalamu, Kompyuta na Jiwe la Nyiragongo

Katika mji wa Goma, hapa Kivu mashariki ya Kongo, yapo mabishano yasiyokwisha baina ya wasanifu wa majengo walio wazee na wale walio vijana, kwamba ni lipi lililo bora, kuichora ramani ya nyumba kwa mkono juu ya karatasi angavu ya kalke au kuichora kwa kompyuta. Na aghalabu wazee hushika upande wa mkono kwa kuwa ndio waliolelewa nao, na vijana hushika upande wa kompyuta kwa kuwa ndiyo inayowapatia riziki, kila kundi likidhani kwamba linaitetea sanaa ilhali linatetea mazoea. Mimi nimefanya kazi kwa njia zote mbili, na naona kwamba mabishano haya hayatapata suluhu maadamu yanauliza juu ya chombo na kusahau kuuliza juu ya habari ambayo chombo hicho kimepewa kuipeleka. Maana mchoro ni habari, hutoka kwa mtu aliyekaa mezani ukamfikia mtu aliyesimama juu ya mawe akiwa na nyundo mkononi. Na khitilafu kubwa ya mkono na kompyuta, kwa nionavyo, haimo katika uzuri wala katika wepesi, bali imo katika jambo hili, kwamba mstari wa mkono hudhihirisha hakika na shaka za mchoraji, na mstari wa kompyuta hauna shaka kamwe, hata pale ambapo aliyeuchora hajui anachokichora.

Kwa faida ya msomaji asiye wa kazi hii, yafaa kueleza kwanza kwamba ramani ya nyumba si picha moja bali ni jamii ya michoro, na iliyo mashuhuri ni mitatu. Upo mchoro wa sakafu, ambao ni nyumba iliyokatwa kwa mlalo, takriban mita moja juu ya ardhi yake, ikaondolewa sehemu ya juu na kutazamwa kutoka mbinguni; upo mkato, ambao ni nyumba iliyopasuliwa kwa wima tangu paa hadi msingi, ikadhihirisha vimo vya vyumba na unene wa sakafu; na upo mchoro wa sura, ambao ni uso wa nje jinsi unavyoonekana na mpita njia. Yote hupunguzwa kwa kipimo maalumu, ghalibu moja kwa mia kwa ajili ya maofisi yanayotoa ruhusa ya kujenga, na moja kwa hamsini kwa ajili ya mafundi, yaani sentimita 2 za karatasi ni mita 1 ya ardhi. Kipimo hicho msomaji akiweke moyoni, kwa kuwa tutakihitaji tena mbele.

Mchoraji wa zamani alikuwa na meza iliyoinama, rula ya umbo la T, pembetatu mbili, bikari, na kalamu za wino, na zilizoenea zaidi ni zile za Rotring, kampuni ya Kijerumani, ambayo kalamu yake ya Rapidograph ilianza kuuzwa mwaka 1953. Kalamu hizo zilikuja kuwekewa unene maalumu, milimita 0.25, 0.35, 0.5 na 0.7, na namba hizi, ingawa zaonekana kama zimeokotwa, zina hesabu ndani yake: kila moja ni takriban mara 1.4 ya ile iliyoitangulia, na hiyo ndiyo nisba ile ile inayotenganisha karatasi ya A2 na karatasi ya A1, hata ramani ya A1 ikipunguzwa ikawa A2, mstari wa 0.7 huwa wa 0.5, na mchoraji akaweza kuusahihisha kwa kalamu aliyo nayo tayari. Unene huo haukuwa pambo. Ukuta uliokatwa ulichorwa kwa mstari mnene, na vilivyo mbali, mathalani kingo za dirisha, kwa mstari mwembamba, hata msomaji wa ramani akatambua kwa jicho tu, kabla ya kusoma neno lolote, kipi ni kizito na kipi ni chepesi katika nyumba. Na ikiwa mchoraji amekosea, dawa yake ilikuwa wembe, ambao kwa huo aliukwangua wino taratibu, na akiukwangua mara ya pili au ya tatu mahali pale pale karatasi ilitoboka, ikambidi aanze upya kazi ya siku nzima. Kwa hiyo mstari ulikuwa na gharama, na chenye gharama hufikiriwa kabla ya kutendwa. Hili ndilo fungu la hoja ya wazee ambalo sijapata mtu wa kulibatilisha.

Upande wa pili nao una historia yake, na ni ndefu kuliko vijana wengi wanavyodhani. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT huko Marekani, Ivan Sutherland alitoa tasnifu ya udaktari iliyoeleza programu aliyoiita Sketchpad, ambayo mtu aliitumia kwa kuchora juu ya kioo cha mashine kwa kalamu ya mwanga. Ndiyo kusema chombo cha kwanza cha uchoraji wa kompyuta kilishikwa kwa vidole kama kalamu, na kipanya kilifuata baadaye. AutoCAD, ambayo hata leo ndiyo lugha ya kawaida ya maofisi ya Kivu, ilitoka mwaka 1982, ikakusudiwa kompyuta ndogo za mezani. Katika programu hiyo mstari ni nukta mbili tu zilizohifadhiwa kwa namba, na mashine haina habari kwamba mstari huo ni ukuta au ni waya wa umeme. Zikaja baadaye programu za aina nyingine, ArchiCAD ya Hungaria katika miaka ya 1980 na Revit ya Marekani, ambazo ndani yake ukuta ni ukuta kweli, una unene na kimo na vifaa vyake, na ukiuweka mara moja, mchoro wa sakafu, mkato, sura, na hata hesabu ya mawe na saruji, vyote huzaliwa kwa pamoja.

Faida ya jambo hili katika mji kama Goma si ndogo, na mzee anayeidharau humdhulumu mteja wake. Saruji hutoka Rwanda na Uganda, nondo huletwa kwa malori katika urefu wa mita 12, vyote hununuliwa kwa dola, na mwenye nyumba hutaka kujua kabla ya kufungua mkoba ni mifuko mingapi itakayoliwa na msingi. Kwa mkono, hesabu hiyo ni kazi ya usiku mzima, na mteja akibadili rai asubuhi, akataka sebule isogezwe nusu mita, hesabu hufanywa tena. Tena mabadiliko hayo sharti yafuatwe katika kila mchoro, na mara nyingi mmoja husahauliwa, ndipo hupatikana zile ramani mashuhuri ambazo dirisha limo katika mchoro wa sakafu wala halimo katika sura, na fundi huamua mwenyewe kama nyumba itakuwa na dirisha au la. Kompyuta imeyaondoa makosa ya namna hiyo. Imeleta mengine.

Tuje sasa kwenye jiwe, kwa kuwa Goma imejengwa juu ya jiwe na kwa jiwe. Mlima wa Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, ulipasuka tarehe 17 Januari 2002, na moto wake wa mawe yaliyoyeyuka, yaani lava, ukapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ukifukia zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji mzima pamoja na kipande cha uwanja wa ndege. Na mara ulipopoa watu walirudi, wakaanza kulivunja lile jiwe jeusi na kujenga kwalo, na yapo majengo ambayo orofa ya chini ilijaa mawe, ikabidi orofa ya juu yake iwe ndiyo mlango wa barabarani. Jiwe hili huchongwa kwa nyundo na kwa macho. Hakuna mawili yaliyo sawa. Mwashi hugeuza kila moja mpaka apate uso ulio bapa, akauweka nje, na nafasi za ndani akazijaza kwa vipande vidogo na udongo wa saruji. Na ukuta ambao ramani inasema ni sentimita 40 ukiupima mahali kumi utapata majibu kumi, 38 hapa, 43 pale, wala mwashi hakukosea.

Sasa tazama karatasi itokayo kwenye kompyuta. Imeandikwa kwamba baina ya ukuta na ukuta ni milimita 4,273. Namba hii imetoka wapi? Hapakuwa na mtu aliyeichagua. Mchoraji aliuvuta mstari kwa kipanya, ukasimama pale ulipopenda, na mashine ikaandika kwa uaminifu kamili mahali uliposimama. Lakini mchoraji wa mkono, katika kile kipimo cha moja kwa hamsini, hawezi kukosea namna hiyo, kwa sababu mstari wa nusu milimita juu ya karatasi yake ni milimita 25 juu ya ardhi, na hivyo yeye mwenyewe ajua kwamba anachokiona hakimpi ruhusa ya kutaja milimita tatu. Ataandika mita 4.25 au mita 4.30, na kwa kuandika ataamua. Uzito wa kalamu, kwa bahati njema, unakaribiana na ukaidi wa jiwe. Usahihi wa kompyuta ni wa nyumba ya chuma na kioo, iliyokatwa kiwandani na kukutana uwanjani kwa skrubu, na huko ni fadhila kubwa; ukipelekwa juu ya ukuta wa lava huwa ni adabu ya uongo, kwani humwahidi mwenye nyumba jambo ambalo hapana mwashi awezaye kulitimiza.

Ndiyo maana swali linaloulizwa zaidi katika viwanja vya Goma, na linaloulizwa tena na tena hata ramani ikiwa imejaa namba toka ncha hadi ncha, ni hili: «Enjenia, hii kipimo ni ya ndani ao ya inje?» Fundi haulizi kwa ujinga. Anajua kwamba ukuta wa mawe una nyuso mbili na kwamba hawezi kuzinyoosha zote mbili, kwa hiyo anataka kuambiwa ni upi unaoshikwa kwa timazi na ni upi alioachiwa hiari. Mchoraji aliyeelewa kazi yake humjibu ndani ya ramani, akaweka wazi kwamba uso wa ndani ndio unaopimwa, kwamba nafasi ya fremu ya mlango haikubali kupungua kwa sababu seremala amekwisha kuitengeneza, kwamba umbali wa kuta zinazobeba mbao za paa haukubali kuzidi kwa sababu mbao zina urefu wake, na yaliyobaki akayaacha kwa fundi. Vipimo vinne au vitano vilivyo thabiti, na vingine vyote vya kukadiria. Mchoraji wa mkono alikaribia hekima hii bila kuitafuta, kwa kuwa kila namba ilimgharimu wino na wakati; na wa kompyuta huikimbia bila kujua, kwa kuwa amri moja humwagia ramani nzima namba mia, zote za ukubwa mmoja, zote zikidai heshima sawa.

Lipo jambo jingine ambalo kwalo nyumba za Goma zinatofautiana na za miji mingine, na ambalo humfanya mtu aone kwa nini mkato una thamani kuliko picha zote za rangi. Katika pande za magharibi ya mji, kandokando ya ziwa, katika Himbi na Keshero na kuelekea Sake, hutoka ardhini hewa ya kaboni dioksaidi ambayo wenyeji huiita mazuku. Hewa hii haina rangi, na uzito wake ni takriban mara moja na nusu ya hewa tunayovuta, kwa hiyo hutiririka kama maji, ikatafuta bonde, shimo, handaki na kila mahali palipo chini ya jirani yake, ikatulia hapo, hasa usiku ambapo hapana upepo wa kuitawanya. Imeua mbuzi na mbwa, na imeua watu. Mchoro wa sakafu hauna la kusema juu ya mazuku, kwa sababu ndani yake hamna juu wala chini. Picha ya rangi, ile ambayo mteja huonyeshwa katika simu, haina la kusema vilevile. Shahidi ni mkato peke yake: ndio unaoonyesha kama sakafu ya chumba cha kulala imeshuka chini ya njia, kama ghala la chini ya ardhi lina pa kupumulia, na kama ule ukuta mzuri wa mawe unaokizunguka kiwanja umeachiwa matundu miguuni pake au umeziba kila upande na kuifungia hewa ile ndani pamoja na watoto.

Ajabu ni kwamba kompyuta hutoa mkato kwa amri moja, nao hutoka safi, bali kwa desturi ya programu hizi, asipoziambia mtu vinginevyo, ardhi ni bapa, na ule mstari ulio chini ya nyumba umenyooka kama rula, ilhali kiwanja chenyewe chaweza kushuka mita mbili baina ya lango na ukuta wa nyuma, kikavuka mgongo wa lava na ufa wa zamani. Mchoraji wa mkono hana mkato mpaka auchore, na hawezi kuuchora mpaka aanze na mstari wa ardhi, na mstari wa ardhi hana pa kuutoa ila aende kiwanjani akaupime, akivuta na kibarua ule mpira angavu uliojazwa maji, ambao kwa huo mafundi wa kwetu hupata usawa tangu zamani. Nisieleweke vibaya. Kompyuta yaweza kuibeba ardhi yenye mabonde, tena kwa ufasaha kuliko mkono, endapo mtu atailisha vipimo. Kosa si la mashine, lakini mashine humruhusu mtu kulitenda bila kuona haya, na karatasi tupu haimruhusu.

Na hapa insafu yataka niugeuze mzani. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipasuka tena, moto ukashuka hadi viunga vya kaskazini ukasimama karibu na uwanja wa ndege, baada ya kuteketeza maelfu ya nyumba katika wilaya ya Nyiragongo. Kisha ardhi ikatetemeka siku nyingi, nyufa zikapasua barabara, na tarehe 27 serikali ikaamuru mitaa kumi ya mji ihamwe. Tangu siku hizo, msanifu anayeweka jengo juu ya kiwanja bila kujua ufa ulipita wapi mwaka 2002 na wapi mwaka 2021, na lava ya mwaka 1977 iliishia wapi, anacheza kamari na roho za watu; na habari hizo hazikusanyiki kwa kalamu. Zimo katika picha za satelaiti na katika vipimo vya wataalamu wa kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, na kinachoziweka pamoja ni programu za ramani, ambazo huzilaza taarifa tabaka juu ya tabaka, nyufa juu ya mitaa, mitaa juu ya lava, hata uhusiano usioonekana kwa jicho ukaonekana. Wazee watasema, na ni kweli, kwamba wazo la matabaka limetoka katika kalke, kwani nao walilaza karatasi angavu juu ya karatasi wakaona zote kwa mara moja. Lakini karatasi ya tano huziba nuru, na mashine haijui kuchoka. Aidha, ramani iliyo nakala moja tu, imekunjwa katika kasha chini ya meza, katika mji ambao moto wake hushuka bila miadi, ni ramani iliyokwisha kuwekwa rehani.

Wapo wanaosema kwamba mkono hufunga ubunifu kwa kuwa haukubali maumbo magumu. Hilo lina ukweli nusu. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa karne nyingi bila ya karatasi, na upana wa vyumba vyake, usiofika sana mita tatu, uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Hakuna aliyelalamika kwamba boriti imemnyima uhuru, na vyumba vile virefu vyembamba vimekuwa ndiyo sura ya ustaarabu mzima. Huko Mexico katika miaka ya 1950 Félix Candela alijenga mapaa ya zege yaliyopinda pande mbili, membamba mno, na siri yake ni kwamba mpindo wa aina hiyo waweza kufumwa kwa mistari iliyonyooka mitupu, kwa hiyo ulichoreka kwa rula na ukasukwa kwa mbao za kawaida. Beda Amuli, msanifu Mtanzania aliyesomea Haifa, alilipa soko la Kariakoo la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1975, paa lake la miavuli ya zege katika zama ambazo hapakuwa na kompyuta ya kuchorea mezani pake. Kinyume chake, jumba la makumbusho la Bilbao, lililofunguliwa mwaka 1997, lilianza kwa mikwaruzo ya mkono wa Frank Gehry, lakini lisingaliweza kujengwa bila ya CATIA, programu iliyotungwa Ufaransa kwa ajili ya ndege, kwa maana hapana rula iwezayo kulifuata umbo lile. Naliheshimu jumba la Bilbao. Ila kwa mji ambao vifaa vyake hufika vimepakiwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumwa, naona swali la kuuliza kabla ya kulipinda paa ni nani atakayelipinda bati, na kwa chombo gani.

Mfano unaotufaa zaidi uko karibu, ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Burera kaskazini ya Rwanda, ambako hospitali ya Butaro ilifunguliwa mwaka 2011. Wasanifu wake, kundi la MASS Design Group lililoanzishwa na vijana waliokuwa wanafunzi huko Harvard, walikuwa watu wa kompyuta kama kizazi chao chote, na hesabu za namna upepo utakavyopita wodini ili maradhi ya kifua yasiambukizane ni hesabu za watu waliozoea mashine. Lakini kuta walizijenga kwa jiwe la volkano la Virunga, ndugu wa jiwe letu, ambalo wakulima wa huko walikuwa wakiliona kuwa ni karaha ya mashamba, na waashi wa mahali pale walilipanga jiwe kwa jiwe, saruji ikifichwa ndani hata viungo vikaonekana vyembamba kama vimeshikana vyenyewe. Hakuna programu iliyochora viungo vile. Mchoro wa kompyuta uliweka mahali pa ukuta na kimo chake, kisha ukanyamaza, na kunyamaza huko kwa wakati wake ni sehemu ya usanifu.

Kuhusu zile picha za rangi zinazofanana na picha za kamera, sina maneno mengi. Zina kazi yake, nayo ni kumfanya mteja asiyesoma ramani aone anachokinunua; lakini nimekwisha kuona nyingi mno zilizopandwa majani mabichi yaliyokatwa sawasawa mahali ambapo pana mwamba mtupu, na anga isiyo na moshi wa mlima, na gari la kifahari mbele ya lango ambalo barabara yake haipitiki hata na pikipiki. Mteja akishapendezwa na picha hurudi kuuliza juu ya rangi ya gari, wala haulizi juu ya choo.

Vijana wanaosomea ujenzi katika vyuo vya mji huu huniuliza waanze na kipi, nami huwaambia waanze na kalamu ya risasi kiwanjani, si kwa sababu ni ya kale, bali kwa sababu kukatika kwa umeme wa Goma hakuna ruhusa ya kuikatiza, na kwa sababu mtu akiuchora mwamba kwa mkono wake atalazimika kuutazama kwa muda mrefu kuliko akiupiga picha. Akishapata mstari wa ardhi na mkato wa kwanza, na aende kwenye kompyuta bila kuchelewa, wala asipoteze siku zake kwa kulinganisha maandishi kwa wino, maana kazi hiyo mashine huifanya vizuri zaidi na haimfundishi mtu kitu.

Kisha hufika siku ambayo nyumba huchorwa mara ya mwisho, na siku hiyo wote wawili, mtu wa kalke na mtu wa kipanya, huwa sawa, kwa kuwa mchoro huo haupunguzwi: hupigwa juu ya ardhi yenyewe, kwa kamba na chokaa, moja kwa moja. Juu ya lava kigingi hakiingii, kwa hiyo mafundi hukishikiza kwa mawe au hukipigilia miguu ya mbao, na kona huipata kwa kamba ya mita 3, ya 4 na ya 5, ambayo ikikaza pande zote pembe yake ni mraba. Mwashi mzoefu hutembea ndani ya mistari akiugonga mwamba kwa mtaimbo, akisikiliza kama chini yake pana uwazi, kwani lava hupoa juu na kuacha mapango chini, na ikisikika mvumo, ukuta husogezwa hapo hapo. Kwa siku hiyo mimi huichapa ramani kutoka kwenye kompyuta, nikazifuta namba nyingi kadiri niwezavyo, kisha nikaviandika kwa kalamu nyekundu vile vipimo vichache visivyokubali hiari, na mshale mdogo wa kuonyesha ni uso upi wa ukuta vinakopimiwa. Karatasi hiyo ndiyo wanayokaa nayo mafundi, wameikunja mfukoni. Zile nyingine, zenye namba zote, hubaki katika bahasha kwa ajili ya ofisi ya ruhusa.